Diski Nne za Siku Moja

"Ndoo utazame, fundi."

Mhasibu wetu aliniita kutoka mlangoni mwa chumba cha seva, kwa sauti ya mtu ambaye ameshatazama mwenyewe na hakukipenda alichokiona. Ilikuwa Jumamosi, saa moja na robo asubuhi. Ofisi haijafunguliwa, na wanachama wawili watatu walikuwa wamekwisha kukaa barazani na vitabu vyao vya akiba mikononi. Taa ya diski ya pili ilikuwa nyekundu tangu Jumatatu. Hilo nililijua, kwa sababu siku tano nzima nilikuwa nikiisubiri diski mpya itoke Mombasa kwa basi hadi Mokowe na kuvuka kwa boti hadi mjini Lamu. Niliipachika Ijumaa jioni, nikaiacha seva iijenge upya data yake usiku kucha, nikaenda kulala usingizi mzito kabisa.

Kilichokuwa kigeni asubuhi ile ni taa ya nne. Nayo ilikuwa nyekundu.

Kwenye skrini, ujenzi ulikuwa umesimama kwenye asilimia 31.

Wadhamini wa nyumba moja

Sitasimulia kwa urefu yaliyofuata. Tulirudi kwenye nakala rudufu ya siku 11 nyuma (kwa nini ilikuwa ya siku 11 badala ya usiku mmoja ni aibu ya peke yake, nitaiandikia siku nyingine), kisha makarani watatu wakakaa wiki nzima wakiingiza stakabadhi za karatasi, moja baada ya nyingine. Hakuna mwanachama aliyepoteza shilingi. Lakini kulikuwa na mazungumzo mafupi Jumamosi ile, na ndiyo yaliyonikosesha raha kwa wiki sita.

Mhasibu aliuliza, "Hizi nne ulizinunua siku moja?"

Nikamjibu ndiyo, tena kwa kujivunia kidogo, kwa kuwa ankara ilikuwa moja na nilipata punguzo.

"Duka moja?"

"Duka moja. Na namba zake zinafuatana."

Akanyamaza akiitazama ile taa. "Fundi," akasema, "sisi hapa hatumkopeshi mtu kwa wadhamini wanne wa nyumba moja. Nyumba hiyo ikiungua, utamdai nani?"

Chama chetu ni cha akiba na mikopo, na kanuni hiyo inajulikana na kila karani tangu wiki yake ya kwanza ya kazi. Mimi nimeisikia ikitajwa ofisini mara zisizo na idadi. Haikuwahi kunipitia akilini kwamba inahusu sanduku lililo chini ya meza yangu.

Nilichonunua mwaka 2021

Nilipozinunua diski zile nilikuwa na kipimo kimoja tu, bei kwa kila terabaiti. Nilichukua za kompyuta za mezani, terabaiti nne kila moja, nikazipanga kwa RAID 5, mpango wa kuzifanya diski kadhaa zishirikiane kama moja, ili moja ikifa tatu zilizobaki ziikokotoe data yake upya. Muuzaji aliponiambia kwamba ziko nyingine za seva, za bei iliyokaribia mara mbili, nilitabasamu kama mtu anayejua kwamba anataka kutozwa kwa ajili ya kibandiko.

Tofauti imo kwenye karatasi ya maelezo, ambayo niliisoma kwa makini baada ya mazishi. Diski za aina niliyonunua huruhusiwa na mtengenezaji kushindwa kusoma sekta moja katika kila biti trilioni 100. Za seva kwa kawaida huruhusiwa mara kumi pungufu ya hapo. Trilioni 100 husikika kama idadi isiyofikiwa, hadi ufanye hesabu niliyopaswa kuifanya kabla ya kulipa: kuijenga upya diski moja katika kundi letu kulihitaji kusoma kila kitu kwenye zile tatu, terabaiti 12, ambazo ni biti trilioni 96. Diski nyingi hufanya vizuri kuliko karatasi yake, na yetu ingeweza kupita salama. Lakini mimi nilikuwa nimeupanga wokovu wetu pale pale kwenye ukingo wa kile mtengenezaji alichokubali kukitilia saini.

La pili lilikuwa baya zaidi, kwa kuwa halikuandikwa kwenye boksi. Zilikuwa diski za SMR, ambazo mistari yake ya data hulaliana kama makuti ya paa, mmoja ukifunika ukingo wa mwenziwe, ili mistari mingi zaidi iingie kwenye sahani ile ile. Aliyewahi kuezeka anaelewa mara moja tatizo lake: huwezi kubadilisha kuti la chini bila kuyainua ya juu yake. Kuandika kwa mfululizo mrefu juu ya diski ya namna hiyo hugeuka kazi ya kuezua na kuezeka, na ndiyo maana usiku mzima ulituletea asilimia 31. Mwaka 2020 ilibainika kwamba watengenezaji wakubwa watatu walikuwa wakiuza baadhi ya diski za aina hiyo bila kuitaja teknolojia yenyewe, na kelele zilizopigwa na wanunuzi ziliwalazimisha kuchapisha orodha. Orodha ilikuwepo, basi, mwaka mmoja kabla sijaagiza.

Sikuitafuta.

Herufi iliyobadilishwa maana

Kwa siku kadhaa nilijitetea kwa RAID yenyewe. Wazo lilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika andiko la mwaka 1988 la David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, na herufi ya I katika jina hilo ilisimamia neno lenye maana ya "za bei nafuu". Hoja yao ilikuwa kwamba diski ndogo za bei nafuu, zikishirikishwa vizuri, zinaweza kushindana na diski moja kubwa ya gharama. Nami nilikuwa nimenunua za bei nafuu. Kosa liko wapi?

Baadaye wenye viwanda waliibadilisha maana ya herufi hiyo ikawa "zinazojitegemea", na nadhani walifanya hivyo kwa sababu za kibiashara tu, kwani nani anataka kuuza kitu kinachojiita cha rahisi? Hata hivyo, bila kukusudia, waliligusa sharti ambalo jengo zima linaliegemea. Hesabu ya usalama wa RAID inachukulia kwamba kifo cha diski moja hakisemi lolote kuhusu kifo cha jirani yake. Mwaka 2007 Gibson huyo huyo, akiwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon pamoja na Bianca Schroeder, alichapisha uchunguzi wa diski zipatazo 100,000 zilizokuwa kazini. Karatasi za watengenezaji zilidai saa 1,000,000 hadi 1,500,000 kabla ya hitilafu, jambo linalomaanisha kwamba zisizozidi asilimia 0.88 zingeharibika kwa mwaka. Walichokiona wao ni kwamba kwa kawaida asilimia 2 hadi 4 zilibadilishwa kila mwaka, na mahali pengine hadi asilimia 13. Na waliona kwamba mabadilisho hayo hayatawanyiki ovyo: huja kwa mafungu, moja likifuatwa na jingine.

Saa 1,000,000, kwa anayependa kujua, ni miaka 114. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kuiamini namba hiyo, lakini mimi niliwahi kuisoma mkutanoni kwa sauti.

Mfano unaonitisha kuliko yote hauhusu diski za kuzunguka. Novemba 2019 kampuni ya Hewlett Packard Enterprise iliwatangazia wateja wake kwamba baadhi ya SSD zake, diski zisizo na sahani ya kuzunguka, zilikuwa na kasoro katika programu ya ndani, na kwamba zisiposahihishwa zingekufa zikitimiza saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka mitatu, siku 270 na saa nane. Data isingeweza kurudishwa. Ziwashe nane kwa pamoja, na zote nane zitaaga kwa pamoja, hata ziwe zimepangwa kwa RAID ya namna gani. Mhasibu alipoisikia habari hiyo hakushangaa hata kidogo. Kwake ilikuwa nyumba moja nyingine iliyoungua.

Chumvi inayolia

Mpaka hapo nilikuwa bado nikidhani kwamba tatizo lilikuwa aina ya diski. Wiki ya tatu ndipo nilipozichomoa zote, nikazilaza kifudifudi juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha, nikachukua kioo cha kukuzia.

Meno ya dhahabu yanayoingia kwenye soketi yalikuwa na ukungu wa kijani kwenye mizizi yake. Kwenye diski ya nne, ile iliyotuangusha, kijani kilikuwa kimetambaa hadi kwenye ubao wa umeme, na kando ya kijani palikuwa na punje nyeupe ndogo kuliko sukari. Nilijaribu kuzipangusa kwa pamba yenye spiriti. Baadhi zilitoka. Nyingine zilikuwa zimekwisha kuula ubao.

Kwa miaka mitatu nilikuwa nimepigana na joto. Ndilo adui nililofundishwa chuoni, na kwa hiyo kiyoyozi kilikuwa kwenye nyuzi 18 mchana kutwa. Saa kumi na moja jioni tulizima seva na kiyoyozi pamoja ili kuokoa stima, tukafungua dirisha upepo wa baharini upite. Agizo hilo lilikuwa langu, nililiandika na kulibandika ukutani. Sasa nilisoma kwamba Google, katika uchunguzi wao wa mwaka 2007 wa zaidi ya diski 100,000, hawakuona uhusiano wa karibu kati ya joto la kawaida na vifo vya diski kama nilivyoamini. Kisha nikaufikia uchunguzi wa mwaka 2016 wa watafiti wa Microsoft na Chuo Kikuu cha Rutgers, waliofuatilia diski zaidi ya milioni moja katika vituo tisa vya data, ambao ulihitimisha kwamba kinachotawala ni unyevu, na kwamba sehemu kubwa ya madhara yake huangukia vidhibiti na viunganishi.

Nilicheka peke yangu. Hakuna jiko Lamu lisilolijua jambo hili. Upepo wa kusi ukivuma na mvua ya masika ikianza, chumvi iliyo mezani hulia: asubuhi unaikuta imelowa na kushikana, na ndiyo sababu mama zetu huchanganya punje za mchele ndani ya kikopo. Chumvi ya kawaida hunyonya maji kutoka hewani hadi ikayeyuka pale unyevu unapozidi asilimia 75 hivi. Vumbi la chumvi lililotua kwenye meno ya diski hufanya vivyo hivyo. Likiwa kavu halina madhara makubwa. Likilowa ni maji ya bahari juu ya shaba.

Na nani aliyelilowesha? Hewa ya nyuzi 27 yenye unyevu wa asilimia 80, ikipashwa moto na mashine inayofanya kazi hadi nyuzi 37, unyevu wake hushuka hadi asilimia 45 hivi, kwani hewa ya moto ina nafasi kubwa zaidi ya kubeba maji yale yale. Seva iliyowashwa hujikausha yenyewe. Yangu ilikuwa ikizimwa kila jioni, ikapoa, ikafunguliwa dirisha, ikalala saa kumi na nne ndani ya pumzi ya bahari. Asubuhi niliiwasha, umeme ukapita juu ya meno yaliyolowa.

Nilikibandua kile kikaratasi ukutani siku hiyo hiyo. Gundi ilikuwa imekwisha kuachia kwa unyevu.

Kizibo cha soda

Nilinunua kipima unyevu cha bei ndogo, nikaanza kukitilia shaka kabla hata sijakitoa kwenye pakiti. Njia ya kukijaribu haikuhitaji maabara: nilijaza kizibo cha soda kwa chumvi ya jikoni, nikaidondoshea maji mpaka ikawa uji mzito, nikakifungia pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Ndani ya mfuko huo unyevu hutulia kwenye asilimia 75. Baada ya saa nane kipimo changu kilisoma 79, nikakiandika kwa kalamu ubavuni: "toa 4".

Kilipowekwa chumba cha seva alfajiri, dirisha likiwa wazi kama zamani, kilisoma 92. Toa nne.

Sasa dirisha limezibwa, seva haizimwi, na kiyoyozi kiko kwenye kile kitufe chenye alama ya tone la maji ambacho sikuwahi kukibonyeza tangu kinunuliwe. Unyevu hukaa kati ya 50 na 55. Gharama ya stima imepanda, na kila mwisho wa mwezi huitwa kuieleza.

Muuzaji na karatasi yake

Ndipo nikarudi kwenye swali lililopaswa kuwa la kwanza: tunahifadhi nini hasa? Niliona haya kujibu. Kanzidata ya hesabu za chama, miaka yote, ni gigabaiti 62. Terabaiti karibu tatu zilizobaki zilikuwa fomu za wanachama zilizopigwa picha na mikanda ya kamera za usalama. Nilikuwa nimenunua ghala la nafaka kwa ajili ya kibaba kimoja cha mchele, kisha nikauweka mchele huo chini kabisa ya magunia ya pumba.

Muuzaji wa Mombasa, mtu mwungwana aliyenipigia mara nne, alitaka nichukue SSD za NVMe, zile za kasi kubwa kuliko za SATA tulizozoea, zenye uwezo wa kuandikwa mara tatu ya ujazo wake kila siku kwa miaka mitano. Mara hii nilikaa na kalamu. Mtandao wa ofisi yetu ni wa gigabiti moja, hauwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde, na SSD ya SATA hutoa zaidi ya 500. Kasi ya NVMe ingeishia mlangoni. Hesabu zetu huandika gigabaiti kumi kwa siku, yaani terabaiti 18 kwa miaka mitano. SSD ya seva ya gigabaiti 480, ya daraja la chini la kuandikwa mara moja tu ya ujazo wake kwa siku, imedhaminiwa hadi terabaiti 876. Hata hilo ni kubwa mno kwetu.

Sikurudi kwenye zile za kompyuta za mezani, hata hivyo, na sababu ni kapasita. SSD za seva za aina niliyochagua zina safu ya kapasita ndogo zinazoshikilia umeme kwa muda mfupi mno stima inapokatika, muda unaotosha kuiandika data ambayo diski ilikwisha kuiambia seva kwamba imehifadhiwa. Isiyokuwa nazo huweza kusema "nimeandika" kabla haijaandika. UPS tunayo, lakini betri yake imezeeka kwa joto, na sithubutu tena kuweka amana ya watu juu ya ahadi ya kifaa kimoja.

Nilizitamani pia diski za heliamu, zile zilizofungwa kabisa bila kile kitundu cha kupumulia. Kwa mji wetu zilionekana kama zimetumwa na Mungu. Nilizizungusha kichwani siku tatu, mpaka nikakumbuka kwamba sahani za diski zangu zilizokufa hazikuwa zimeguswa na chochote. Kilicholiwa kilikuwa nje, kwenye meno na ubao, na huko heliamu haifiki.

Mwishowe nilichukua SSD mbili za seva kwa ajili ya hesabu, kila moja kivuli cha mwenzake, za watengenezaji wawili tofauti, zilizonunuliwa kwa miezi miwili tofauti. Kwa picha na kamera nilichukua diski mbili za kuzunguka zisizo za SMR, nazo za watengenezaji wawili na maduka mawili. Sikupata punguzo. Ankara ni nne, na mhasibu amezibana pamoja kwa klipu bila kulalamika.

Ya akiba

Ugomvi ulizuka kwenye diski mbili za ziada, SSD moja na ya kuzunguka moja.

"Mwanangu," aliniambia mwenyekiti, baada ya shikamoo na marahaba na chai, "tununue kitu kizima kikae kabatini?" Ni swali la haki kutoka kwa mtu anayesimamia fedha za wavuvi. Nilimkumbusha zile siku tano kati ya Jumatatu na Ijumaa, tukiwa juu ya diski tatu na bahari katikati. Aliuliza kama nakala rudufu haitoshi. Nikamweleza kwamba nakala sasa inavuka kila Alhamisi kwenda kwenye kasha la chuma la tawi letu la Mokowe, na kwamba inavuka kwa diski ya kuzunguka makusudi: kiwango cha kimataifa cha SSD za seva kinadai tu kwamba iliyokwisha kuchakaa iishike data yake miezi mitatu bila umeme katika nyuzi 40, na mimi siwezi kuiacha SSD ndani ya kasha la chuma nikatumaini. Lakini nakala, nilisema, hurudisha yaliyokuwapo Alhamisi. Diski ya akiba ndiyo inayotupa usiku wa leo.

Alikunywa chai yake yote kabla ya kujibu. "Basi iwe mahali ambapo hata wewe huwezi kuichukua kwa kazi nyingine."

Zimo ndani ya kopo la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, pamoja na pakiti nne za kukausha unyevu, kwenye rafu ya juu ya kabati la mhasibu. Ufunguo anao yeye. Amezisajili kwenye daftari la mali, na juu ya kifuniko ameandika kwa kalamu nyekundu: HAZIKOPESHWI.